Kosa la Kuamsha

1

Kila somo langu lina kosa moja. Wanaonijua wanalisubiri, wasionijua wanalinakili kwenye daftari, na hao nawahurumia. Ndivyo nilivyofundishwa na aliyenifundisha, na ndivyo walimu wa tuisheni wa mtaani kwetu tulivyofanya tangu enzi za chaki. Katikati ya somo, bila kubadili sauti, unaandika uongo mmoja mzuri ubaoni, kisha unaendelea na mambo yako. Aliye macho ananyoosha mkono na kusema, "Sijalala." Anaonyesha kosa, anakula kashata. Ikifika mwisho hajaliona mtu, unageuka unauliza, "Nani hajalala?" na hatoki mtu barazani mpaka lipatikane. Tunaliita kosa la kuamsha.

Naitwa Vumilia Kikoti. Nina miaka sitini na mitatu, magoti yamestaafu zamani, mdomo bado uko kazini. Nafundisha bailojia na bioteknolojia hapa nyumbani kwangu Kihesa, Iringa, na wanafunzi wangu wote ni wakavu.

Mkavu ni mtoto asiyetiwa tone. Siku hizi ukifika kidato cha tatu unapelekwa kituoni, unalazwa chali, unadondoshewa somo puani. Tone la bailojia, tone la kemia, tone la fizikia. Linapanda kwa mshipa wa harufu hadi ubongoni, na ndani ya saa tatu anakuja mtu na karatasi anakuuliza maswali mia mbili ili lisiyeyuke. Hiyo nayo wanaiita tuisheni. Mimi naiita kupiga mhuri. Lakini zipo pua zinazokataa. Zinatoka damu, tone linamwagika, na mtoto anabaki na kichwa kilekile alichozaliwa nacho. Hao ndio wanaoletwa kwangu, na wazazi wao huja wameinamisha macho kama waliokamatwa ugoni.

Tulizo Chengula hakuinamisha macho. Alikuja miaka minne iliyopita, kijana wa kike wa miaka kumi na minne, akiwa bado na pamba puani, akaniambia, "Madamu, nimesikia kwako mtu anasoma mwenyewe." Alikuwa amefika kidato cha sita, na Alhamisi alikuwa na mtihani wa mwisho.

Jumamosi kabla ya mtihani, mwezi Juni, baridi ilikuwa ya kung'ata masikio. Tulizo alifika kabla ya wenzake, akatoa kwenye kikapu sahani mbili za kioo zilizofungwa kwa karatasi ya nailoni, akaziweka mezani mbele ya chai yangu.

"Sio karibu na mkate, mwanangu," nikamwambia.

"Angalia kwanza, Madamu."

Nikavaa miwani. Kwenye sahani zote mbili alikuwa ametia chakula cha bakteria, na juu yake dawa ya kuwaua, ile wanayopewa wagonjwa wa tumbo. Ya kwanza alipaka maji ya mtaro wa kijijini kwa bibi yake, ambako hakuna vyungu. Ilikuwa safi, haina kitu. Ya pili alipaka maji ya mtaro wetu wa Kihesa. Ilikuwa imejaa madoa meupe hata nafasi ya kuweka ncha ya sindano hakuna.

Lazima niseme habari ya vyungu. Nyumba tatu kati ya kumi hapa mjini zinafuga chungu: chombo cha lita ishirini, chenye bakteria waliofundishwa kutengeneza dawa ya kisukari, au chanjo ya ng'ombe, au vitamini. Bakteria hao hupewa jeni mbili. Moja ya kazi, nyingine ya usugu, ili ukitia dawa ya kuua vijidudu chunguni, wavamizi wafe na wako wabaki. Mavuno yakitoka, masalia humwagwa mtaroni. Yanamwagwa mabichi, bila kuchemshwa. Mimi sifugi chungu, na nilikuwa nikiamini kila mtu anachemsha, kwa sababu ni jambo la mtu mwenye akili.

"Hawa sio bakteria wa chungu," Tulizo akasema. "Nimewaangalia kwa hadubini. Hawa ni wa tumbo, walewale waliomlaza mama wiki tano. Wameokota usugu mtaroni."

"Ndiyo. Bakteria wanapeana. Jeni ya usugu imo kwenye kipete kidogo cha DNA, na kipete hicho kinahama kutoka kwa bakteria huyu hadi kwa yule, hata kama si ndugu. Nilikufundisha mwaka wa kwanza."

"Ulinifundisha mimi. Wao je? Nimezunguka nyumba kumi na tisa zenye chungu nikiuliza kwa nini hawachemshi masalia. Madamu, wote wamenijibu kwa sentensi moja. Hakuna aliyepunguza neno." Akanyoosha mgongo, akaigiza. "'Jeni ya usugu ni kama jino,' halafu wanakohoa kidogo, hivi, 'khm', 'haliazimwi.' Wote wanakohoa palepale. Nilidhani wananitania."

Nikaweka kikombe chini. Kikohozi kile nilikijua. Kilikuwa changu.

2

Miaka kumi na moja iliyopita Baraza la Matone lilitafuta mwalimu mbegu wa bailojia. Mbegu ni yule ambaye somo linachukuliwa kichwani mwake. Nilichaguliwa mimi, mwalimu wa tuisheni wa barazani, nikawapita maprofesa, na kichwa kilivimba, sitaki kusema uongo. Walinivika kofia ya nyuzi, wakanisimamisha mbele ya ubao katika chumba kisicho na dirisha wala mwanafunzi, wakasema, fundisha. Nikafundisha siku tisa. Kila nilichokifikiri nikifundisha, kofia ilikichukua, na kutoka hapo kikatengenezwa tone.

Na katikati ya siku ya sita, kwa mazoea tu, nikaandika kosa la kuamsha. Jeni ya usugu ni kama jino, nikakohoa, haliazimwi. Nikaendelea nikisubiri mkono unyooshwe. Hakukuwa na mkono. Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo kijana mmoja aliniinulia dole gumba, kipindi kikaisha, wakanipigia makofi, nikaenda nyumbani kula. Sikurudi kulisahihisha. Nilisahau, basi. Na watu laki nne wanatembea nalo kichwani wakijua ni kweli kama wanavyojua majina yao.

Niliona aibu. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimekishona mwenyewe.

Jumatatu asubuhi nikaenda kwa Mkuu wa Baraza wa kanda, Bwana Eliudi Luvanda. Usidhani nilikwenda kwa mtu nisiyemjua. Luvanda alisoma barazani kwangu kabla ya matone kuwepo, na katika miaka yote ile hakuna mtoto aliyekula kashata zangu nyingi kuliko yeye. Alinikaribisha kwa kuinuka kitini.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Jeni ya usugu ni kama nini, Eliudi?"

Mdomo wake ukajibu kabla hajatabasamu. "Ni kama jino, khm, haliazimwi." Maofisa wote wa Baraza hutiwa matone ya masomo yote, ili wajue wanachosimamia.

"Hilo ni kosa. Ni kosa langu la kuamsha."

Nikamweleza yote, nikamwekea mezani sahani ya Tulizo. Aliitazama, na nikaona anavyohangaika. Macho yalikuwa yanaona madoa, kichwa kinamwambia hayawezekani. Yule mtoto wa zamani angelipata ndani ya dakika mbili.

"Wahakiki walikuwa sita," akasema mwishowe. "Walilipitia tone lote na kuthibitisha."

"Walilihakiki vipi?"

Akajikuna shingo. "Walitiwa tone, kisha wakaulizwa kama lina kosa."

Sikucheka, ingawa jambo lenyewe lilistahili kuchekwa. Luvanda akafunga mlango, akarudi kukaa, safari hii upande wangu wa meza.

"Madamu, nakuamini. Nakuamini wewe, kwa sababu kichwa changu kinakataa. Toleo jipya linatoka baada ya miaka miwili. Tutalirekebisha kimyakimya. Wakati huohuo nitatoa agizo watu wachemshe masalia, nitasingizia harufu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Agizo lako watalitii wangapi, wakati kila mmoja anajua kichwani kwamba halina maana?"

"Wachache," akakiri. "Lakini fikiri upande wa pili. Ukisimama ukawaambia watu laki nne kwamba kuna kosa moja vichwani mwao, watajuaje hayapo mengine? Daktari aliyesoma kwa tone atasita kisu kikiwa mkononi. Rubani atasita. Fundi wa umeme. Hawana daftari la kurudia, Madamu, wana hicho kichwa tu. Utaua watu kwa ukweli wako."

Hapo alinigusa, na sitajifanya hakunigusa.

"Na yule binti wako," akaendelea, taratibu. "Alhamisi ataulizwa swali la chungu, linaulizwa kila mwaka. Ukimaliza kazi, masalia unayafanyaje, na kwa nini. Jibu la Baraza ni jino. Mwambie aseme jino, apite, aende chuo kikuu. Huko atakuwa na sauti. Akisema vinginevyo ni sifuri, na mkavu harudii mtihani."

"Na mimi?"

"Mbegu iliyotiwa uongo kwa kujua ni hujuma. Miaka kumi na mitano. Ukinyamaza, mimi sijasikia kitu."

Nikachukua sahani ya Tulizo. "Eliudi, huyo mwanaharamu wa kombe ndiye mimi. Na sipiti."

Maneno mazuri ya kutokea mlangoni. Lakini njia nzima hadi Kihesa nilikuwa najiuliza kuhusu yule daktari na kisu chake.

3

Jioni ile, barazani kwangu, Tulizo nilimwambia kila kitu, bila kupaka mafuta. Mama yake alikuwepo pia, amejifunika blanketi, amekonda hata pete yake ameihamishia kidole gumba. Nilimwambia kosa ni la nani. Nilimwambia habari ya kisu cha daktari. Kisha nikamwambia kile ambacho mwalimu hapaswi kumwambia mwanafunzi.

"Unaweza kusema jino. Sitakulaumu. Ni neno moja, na baada yake kuna chuo."

Aliinamia daftari lake. Daftari za wakavu huchakaa vibaya. La kwake lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa gunia.

"Madamu, ungekuwa kwenye nafasi yangu ungesema nini?"

"Mimi nilishasema jino, mwanangu. Unaona lilivyotufikisha."

"Basi mbona unanifundisha kusinzia?" Hakupandisha sauti. "Miaka minne umenilisha kashata kwa kusema hapana pale ulipoandika uongo. Unataka nizitapike zote Alhamisi?"

"Nataka uende chuo."

"Na mimi nataka. Nataka mpaka nalia." Na kweli macho yalikuwa yamejaa. "Lakini nikipita kwa jino, hilo jino nitaliweka wapi? Nitakaa darasani na mama yangu ameugua kwa sentensi niliyoisema mwenyewe."

Mama yake akatikisa kichwa. "Huyu alikataa hata tone, Mwalimu. Usihangaike naye."

"Na daktari mwenye kisu?" nikamuuliza Tulizo. Niliuliza kwa sababu nilihitaji jibu mwenyewe.

Mtoto huyu hajibu haraka, nampenda kwa hilo.

"Mimi nasita kila siku," akasema. "Nikisita nafungua daftari, au nakuuliza. Hao hawajawahi kufundishwa kusita. Si watafundishwa tu? Wewe si mwalimu?"

Nikamtazama, nikatazama ubao wangu ukutani. Jibu lilikuwa linaning'inia pale miaka thelathini na minane na nilikuwa nimeligeuzia mgongo.

"Alhamisi saa ngapi?" nikauliza.

"Saa tatu."

"Nitakuja. Beba sahani zako."

4

Mtihani wa mdomo hufanyika hadharani, ukumbi wa kata, ili watu waone Baraza halipendelei. Watahiniwa mia tatu walikaa kwenye viti vya plastiki, wazazi nyuma, wasahihishaji watatu jukwaani na Luvanda katikati yao. Pembeni palikuwa na ubao mweusi wa kuandikia namba za watahiniwa. Mitambo yote ya kisasa ilikuwepo, lakini umeme wa kata haujawahi kutiwa tone, kwa hiyo chaki bado ina kazi.

Waliotiwa walipita kwa kasi. Chungu hutunzwaje, masalia humwagwa wapi, kwa nini. Jino, khm, haliazimwi. Pasi. Jino, khm, haliazimwi. Pasi. Nilisikia kikohozi changu mara arobaini na moja asubuhi ile, na kila mara kilinichoma.

"Namba arobaini na mbili. Tulizo Chengula."

Alipanda akiwa amevaa sare iliyopigwa pasi hadi inang'aa, na kikapu mkononi. Alieleza kutunza chungu vizuri kuliko wote waliomtangulia, kwa sababu alikuwa akieleza na wao walikuwa wakikumbuka. Kisha swali likafika.

"Masalia nayachemsha dakika thelathini," akasema, "kwa sababu jeni ya usugu inahama. Bakteria wanapeana. Huu hapa ushahidi." Akaweka sahani mbili mezani kwao.

Msahihishaji mmoja mama mtu mzima alizisogeza pembeni kwa kalamu, bila kuangalia. "Sio jibu. Una nafasi moja ya kurekebisha."

Luvanda alikuwa ananitazama mimi, kule nyuma.

"Sina cha kurekebisha," Tulizo akasema.

"Sifuri. Ushuke."

Ukumbi uliguna. Tulizo hakushuka. Aliganda pale, na ndipo nikasimama. Magoti yakalia kama mlango mbovu. Nilipita katikati ya viti, nikapanda jukwaani, na hakuna aliyenizuia, maana bibi mwenye sweta hazuiwi mpaka ajulikane anataka nini. Nikafuta namba za watahiniwa. Nikaandika kwa herufi kubwa: *Jeni ya usugu ni kama jino: haliazimwi.*

Nilikuwa bado sijamaliza kuandika nikawasikia. Mia tatu wale, bila kuamrishwa, walikuwa wanaisoma pamoja nami kwa sauti ya chini, na walipofika kwenye jino wote walikohoa. Hata wazazi wengine. Hata msahihishaji yule.

"Kikohozi hicho ni changu," nikawaambia. "Naitwa Vumilia Kikoti, mimi ndiye mbegu ya tone lenu la bailojia. Siku ile nilikuwa na mafua."

Nikaweka chaki mezani.

"Nina desturi. Kila somo naandika kosa moja, ili nijue nani yuko macho. Siku waliponivika kofia niliandika kosa hili, na chumbani hakukuwa na mtoto wa kunishika. Nikaondoka nikaliacha. Limekaa vichwani mwenu miaka kumi na moja, limewafanya mmwage masalia mabichi, na mitaro imewalaza watu hospitali na dawa haziwafanyi kitu. Kosa ni langu. Leo nalirudia, kama ilivyopasa siku ile." Nikagonga ubao kwa kifundo cha kidole. "Nani hajalala?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Niliwaona wakilitafuta, nyuso zimekunjamana, watoto wa watu, na kila mmoja alikuwa anakuta mlango umefungwa.

"Mimi, Madamu," Tulizo akasema kando yangu. "Sijalala." Akachukua chaki, akapiga mstari juu ya *ni kama jino: haliazimwi*, akaandika juu yake *inaazimwa*. Sauti ilikuwa imemrudia.

Nikatoa kashata mfukoni kwenye sweta, nikampa. Aliing'ata palepale mbele ya Baraza zima, machozi yakimtiririka.

Askari wawili wa Baraza walikuwa wamekwisha panda. Mmoja akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa heshima kidogo. Nilimtazama Luvanda, nikisubiri aseme neno la kunipeleka. Hakulisema. Macho yake yalikuwa kwenye ile kashata, na mdomo ulikuwa wazi kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka harufu ya nyumba aliyokulia.

Ndipo nikauona mkono. Safu ya nne, binti mwenye miwani, namba kumi na nne kifuani. Alikuwa ameshapata pasi yake muda mrefu, hakuwa na sababu ya kunyoosha mkono.

"Madamu," akasema. "Mimi silioni."

"Huoni nini, mwanangu?"

"Hilo kosa. Nalitafuta, kila kitu kichwani kinaniambia hakuna. Lakini sahani ile nimeiona." Alimeza mate. Wenzake walikuwa wamegeuka kumtazama. "Mimi nina chungu nyumbani, na nina mdogo wangu anaumwa tumbo. Nionyeshe. Polepole, kama mtu asiyejua."

Mkono mwingine ukanyooshwa nyuma yake. Halafu mwingine, karibu na mlango.

Nilivua sweta, nikampa yule askari anishikie, maana lilikuwa linanibana bega la kuandikia. Alilipokea.

"Tulizo, wapitishie sahani, uanze na safu ya nne," nikasema, nikafuta ubao wote. "Wenye kalamu watoe kalamu. Wasio na daftari waandike mkononi."